Jicho la Mama na Juisi Isiyoonjwa

"Yaani ulikunywa juisi ya mtu bila yeye kuionja kwanza?" shangazi alimfokea mama.

"Wifi, nilikuwa na kiu."

"Kiu! Haya, jicho liko wapi sasa?"

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na huo ndio wimbo niliousikia kila siku nyumbani kwetu Kimironko. Mama alikuwa fundi cherehani sokoni. Alianza kuona nyuzi nyeusi zikielea katika jicho la kulia, kisha likafunikwa na wekundu, akashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Kwetu, anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza ili ujue hakina sumu. Jirani yetu, Mama Divine, hakuonja. Kwa shangazi, kesi ilikwisha hapo.

Nikasema twende hospitali.

"Nyamaza, mtoto wewe."

Mama akapelekwa kwa mganga kunyweshwa dawa ya kutapisha sumu. Alitapika mpaka akashindwa kusimama. Wiki zikapita hivyo, na mpaka leo nikikumbuka nakereka. Nyuzi zilipoanza katika jicho la kushoto, mama mwenyewe alinishika mkono: "Twende."

Daktari aliuliza kama alianguka au alipigwa, akampima presha. Akamtia matone ya kupanua mboni, akamulika. Damu tupu, nyuma hakuonekani. Akapitisha kifaa juu ya kope, akitazama kwenye skrini kama utando wa nyuma ya jicho umechanika. Ulikuwa mzima. Mwisho akamchoma kidole.

"Una kisukari, mama, na si cha jana. Kimeharibu mishipa midogo ya macho, inavuja. Na huko kutapika mlikonieleza kumezidisha kuvuja."

Jicho la kushoto liliokolewa kwa leza. La kulia huona mwanga tu, nami niliacha shule nikakalia cherehani yake. Baadaye nilimuuliza Mama Divine, jambo ambalo hakuna mkubwa aliyelifanya.

"Mimi nina sukari, mwanangu. Juisi ile ningeionjaje?"

Siku hizi naona kwamba shangazi alimpenda mama kweli. Alitaka tu ugonjwa uwe na uso, apate wa kugombana naye. Lakini jioni ile tuliyotoka hospitali sikuwa na huruma hiyo. Nilimweleza yote, mishipa, damu, kidole. Akasikiliza akitikisa kichwa, akachukua mkoba wake, akageukia mlangoni.

"Sawa, ni sukari. Sasa nani kamtilia?"