Mluzi wa Baba Gregory

Mume wangu Pantaleo, Baba Gregory, hatukani ng'ombe wala hachapi. Anawapigia mluzi. Mmoja mrefu, wanakwenda. Miwili mifupi, wanasimama. Maksai wetu wawili, Sululu na Mabati, hawajui lugha nyingine, na hapa Ushetu watu walikuwa wanaacha majembe yao kuja kutazama. Naye anavyopenda sifa, basi tena!

Kiangazi meno yakaanza kucheza, akaenda Kahama kung'olewa yote ya juu. Daktari akamwambia asukutue maji ya chumvi taratibu, asinyonye kitu, asipulize mpaka kidonda kifunge. Jamani, mtu mzima yule, kesho yake nikamfumania zizini mashavu yamejaa upepo! Damu ikaanza upya. Siku hiyo nilimgombeza mpaka mbuzi wakakimbia.

Fizi zilipopona akapewa meno ya bandia. Meupe hayo! Akanung'unika kama mtu aliyesahau kijiko mdomoni. Michembe, vile viazi vitamu vikavu, akawa anaitazama tu. Yakamchubua, akarudi kwa daktari yakakwanguliwa, akaambiwa asome kwa sauti ili ulimi uzoee. Basi ikawa kila jioni ni "Shalamu Maria", nami nimeng'ata khanga nisicheke katikati ya rozari.

Mvua ikaja. Mvua ya kwanza haimngoji mtu. Ardhi ikikauka hujapanda, njaa ni yako. Tukafunga nira, Baba Gregory akashika plau, akavuta pumzi: "Fffss." Sululu akageuza shingo, akamtazama. "Fffss!" Mabati akakojoa.

"Baba Gregory, watukane kidogo, labda watakuelewa!" akapiga kelele jirani yetu Mageni, kaegemea baiskeli yake njiani.

Akavua meno, akajaribu. Upepo mtupu. Akaokota fimbo, ng'ombe wakarudi nyuma. Nikamwona mume wangu anafuta macho kwa kofia, moyo ukaniuma kweli.

Sasa, kwetu mwanamke hapigi mluzi. Wanasema anaita nyoka. Lakini baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Mnadhani ng'ombe wake alikuwa anachunga nani? Mluzi niliuacha siku niliyoolewa. Nikautazama udongo, nikasema, kama ni nyoka na waje, watatukuta tunalima.

Nikapiga. Mayo! Ng'ombe waliondoka nusura plau imponyoke Baba Gregory. Aliachama, na meno aliyokuwa ameyarudisha yakadondoka kwenye tuta. Nikapiga miwili mifupi, wakasimama. Akayaokota, akayapangusa kwenye suruali.

"Mama Gregory," akasema na mapengo yake, "kumbe miaka yote hii umeninyamazia tu?"

"Ulikuwa unapenda sifa. Shika plau, mvua haitungoji."

Mahindi yalitoka vizuri. Meno sasa yamemkaa, mluzi umerudi, anatamba nao mpaka Kagongwa. Lakini akiupiga shambani, Sululu hugeuza shingo kwanza, ananitafuta mimi.