Fundi Waya na Joto la Mayai

Ilikuwa mwaka ule barabara ya sokoni ilipowekwa lami. Hapana, lami ilikuja mwaka uliofuata, maana siku Fundi Waya alipoibeba prosesa, kile kibongo cha kompyuta, kutoka kwa shemeji yake alirudi na vumbi hadi kwenye kope.

Fundi Waya alikuwa akitengeneza redio, mpaka watu wakaacha kuleta redio. Nyumba ikashikwa na mkewe, aliyetotolesha vifaranga ndani ya kabati lenye balbu. Kuwasha na kuzima balbu hizo kulimnyima hata nafasi ya kwenda kumwona mama yake. Fundi akasema atamtengenezea mashine ya kujiangalia yenyewe. Mke akakubali kwa sharti: mayai yakiharibika, vidude vyote vinahama kabatini mwake, na Fundi akatafute kazi ya ulinzi.

Shemeji, kaka wa mke, alikuwa mwalimu wa ufundi. Alimfundisha asembli, lugha ya kuiamrisha prosesa hatua kwa hatua, kama unavyomwelekeza mgeni asiyejua hata mlango uko wapi. Soma joto kwenye kipimo. Lilinganishe na kiwango. Likipungua, washa relei, ile swichi inayolia ta, balbu ziwake, likizidi, zima.

Ikafanya kazi, ila joto likikaribia kiwango relei iligonga kama meno ya mtu mwenye homa. Fundi akaongeza kipande cha kungoja: prosesa ihesabu kwanza kurudi nyuma hadi sifuri, ndipo iamue. Kelele zikaisha. Hakungoja hata kuijaribu vizuri, akasema mayai yaingie.

Alasiri mkewe akafungua kabati, akaliweka yai moja shavuni.

"Baba watoto, haya tunatotoa au tunachemsha?"

Balbu hazikuwa zimezima hata mara moja. Mke akayatoa mayai, akayalaza kwenye shuka. Fundi akampigia shemeji simu, akamweleza.

"Joto ukishalisoma unaliweka wapi?"

"Kwenye A." A ni rejista, mahali ambapo prosesa hushikilia namba moja tu kwa wakati.

"Na kungoja unahesabia wapi?"

Fundi akazipitia amri zake. "Kwenye A."

"Basi hesabu imekula joto lako, inabaki sifuri, na sifuri ni baridi siku zote. Kumbe dada yangu tulimwoza kwa mpishi."

Akamwelekeza alitue joto kwenye kumbukumbu ya mashine kabla ya kuhesabu, kisha aliokote. Amri mbili tu. Kabati likapoa, balbu zikawaka, zikazima zenyewe. Mke alizitazama muda mrefu, akashika yai, akayarudisha yote, akiyasindikiza kwa sala.

Karibu yote yakatoa vifaranga. Mke akaenda kwa mama yake akakaa wiki nzima, Fundi akabaki mlezi, kabati likiwa na mayai mengine. Hapo ndipo aliposhangaa: relei ikilia ta, mlio waliousikia tangu wakiwa ndani ya mayai, vifaranga wote wanatoka mbio kwenye boksi lao, wanajibana chini ya kabati, wanatulia. Akamwuliza mke aliporudi, akamwuliza shemeji, na hadi uzeeni aliuliza kila aliyepita: hawa, mama yao walidhani ni nani?