Ubao Uje Kwanza

Mwaka 2003, askari walimvunja Hadija vidole vya mkono wa kulia kwa sababu ya tovuti ya kuchezea bao. Watu wakisikia hivyo hudhani ni utani, kwa hiyo ni vizuri kulieleza jambo lenyewe tangu lilipoanzia.

Hadija alizaliwa Rumonge, mtaa wa Waswahili, si mbali na soko la samaki. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na kwenye baraza yao watu walicheza bao kutwa nzima, ule mchezo wa mashimo na kete ambao Warundi wanauita ikibuguzo. Vita vilipokuja, wachezaji wa baraza ile walitawanyika. Wengine waliuawa. Wengine walipita ziwani kwa mashua hadi Kigoma. Kaka yake Hadija, Nasoro, alifika Dar es Salaam, akapata kazi kwenye duka la kompyuta, na huko ndiko alikotengeneza tovuti ili mtu wa Rumonge aweze kucheza bao na ndugu yake aliye ng'ambo.

Upande wa Rumonge aliushika Hadija. Mfanyabiashara mmoja wa mawese alikuwa amefunga antena ya setilaiti juu ya ghala lake, akampa Hadija chumba cha mbele aweke kompyuta na kufungua huduma ya intaneti. Waliokuja walikuwa wachache, na wengi wao walikuja kwa ajili ya bao.

Nasoro alijua kuandika programu, ila kupanga ukurasa kulimshinda. Ulipofungua tovuti yake, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa mistari ya maneno. Kila mchezaji aliposogeza kete, mashine iliandika alichofanya. Ubao wenyewe ulikuwa chini kabisa, na kwa kuwa ulikuwa picha nzito, ulichelewa kufika. Siku nyingine haukufika.

"Kaka, watu hawaoni ubao," Hadija alimwambia kwenye simu.

"Si washuke chini ya ukurasa?"

"Hawajui kama kuna chini."

Nasoro alicheka, akasema atarekebisha akipata nafasi.

Mtu mmoja tu hakusumbuliwa na jambo hilo. Huyo ni Sylvestre, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya michikichi kule Kigwena. Yeye ubao alikuwa nao kichwani. Alisoma maneno, akafumba macho kidogo, akajibu. Mwenzake alikuwa rafiki yake wa zamani aliyekimbilia Kigoma, na kwenye tovuti alijiita hivyo hivyo, Kigoma.

Siku Hadija alipovunjwa vidole, waasi walishuka kutoka milimani alfajiri wakashambulia kituo cha askari upande wa Kigwena. Mabomu yalisikika mpaka mjini. Jua lilipopanda, malori yalipita barabarani yamebeba maiti, damu ikichuruzika nyuma yao kwenye lami. Watu walijifungia. Hadija naye alitaka kufunga, lakini Sylvestre alikuwa ameshakaa kwenye kiti.

"Muze, rudi nyumbani. Leo si siku ya muchezo."

"Mwenzangu amesikia habari kwa redio," Sylvestre alisema. "Nikisogeza kete, atajua kama niko muzima."

Askari waliingia wakati huo huo. Walinuka baruti na jasho. Aliyewaongoza alikuwa kaporali kijana, shati lake limelowa damu ya mtu mwingine. Alimsukuma Sylvestre begani, akainama kusoma kwenye kioo.

*Toka shimo la nne. Pita nyuma. Ua saba. Kigoma anasubiri.*

"Hii iko nini?"

"Iko muchezo, shefu," Sylvestre alijibu.

"Tumetoka kuokota wenzetu vipande vipande, na wewe unaandikia waasi walioko Kigoma 'ua saba'?"

Kitako cha bunduki kilimpata mzee mdomoni. Meno yalidondoka juu ya meza. Alipojaribu kusimama walimpiga tena, mbavuni, kisha mgongoni, mpaka akaanguka na kiti chake.

"Ngoja, shefu! Ubao iko chini! Nitakuonyesha!" Hadija alipiga kelele. Alishika kipanya, akaushusha ukurasa. Palikuwa na mraba mweupe mtupu. Picha ilikuwa bado njiani.

"Iko wapi?"

"Inakuja. Inakawia tu, inakuja."

Askari mmoja aliinua bunduki, akaishusha kitako chini juu ya mkono wa Hadija pale pale mezani. Hadija anasema alisikia mifupa kabla ya kusikia maumivu.

Sylvestre walimburuta nje hadi kwenye mlango wa ghala. Alikuwa akimwita mke wake, Pascasie, kwa sauti ambayo haikuwa na maneno tena kwa sababu ya mdomo uliopasuka. Kaporali alimpiga risasi ya kifua, akampiga nyingine akiwa ameshalala. Kisha akarudi ndani, akamshika Hadija nywele, akampigisha magoti kando ya meza na kumwekea mtutu shingoni.

Aliyemwokoa, kama kweli ni kuokoa, ni kapiteni aliyesimamisha gari aliposikia risasi. Aliingia akiuliza kuna nini. Kaporali alimwonyesha kompyuta. Kapiteni aliinama akatazama. Ubao ulikuwa umefika. Mashimo yote yalionekana, na kete zake, na pale zilipotolewa saba.

"Hii ni ikibuguzo," kapiteni alisema.

Juu ya ubao, mstari mpya uliandikika wenyewe: *Sylvestre, uko?*

Kapiteni aliwaambia askari watoke. Hakuomba radhi. Alipita kando ya maiti, akapanda gari, wakaondoka wote.

Mganga wa zamu hospitalini alimfunga Hadija vidole kwa vibao. Viwili havikukunjika tena. Pascasie alimzika mumewe kesho yake, na baada ya mazishi alimwuliza Hadija swali moja tu: "Walimuua juu ya maneno?"

"Ndiyo, mama. Juu ya maneno."

Jioni hiyo Hadija alimpigia Nasoro simu. Alimweleza yote, na kaka yake akalia. Hadija alimngoja amalize.

"Ubao uje kwanza," alisema. "Maneno yote yaondoke. Sitaki neno 'ua', sitaki 'piga', sitaki 'Kigoma'."

"Picha ni nzito, mudogo wangu. Mutandao wenu ni dhaifu."

"Basi usitumie picha. Chora miraba, weka namba ndani. Mtu akifungua tu, aone ubao."

Kazi iliwachukua miezi. Hadija alikuwa akishika kipanya kwa mkono wa kushoto, akikosea mashimo kila mara, na kwa njia hiyo akagundua kwamba hata wenye mikono mizima walikuwa wakikosea. Nasoro akayapanua. Kisha Hadija akamkalisha Pascasie, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, akakaa nyuma yake bila kumsaidia. Pascasie alisoma kitufe kilichoandikwa "Ingia", akageuka.

"Niingie wapi tena? Nimeshaingia."

Kitufe kikabadilishwa kikawa "Cheza". Pascasie alikibonyeza, akauona ubao, akasogeza kete. Tangu siku hiyo alikuwa akija kucheza na yule rafiki wa mumewe.

Mwaka uliofuata, bunduki zikiwa zimepungua upande ule, yule kaporali aliyemuua Sylvestre aliingia bila silaha, amevaa shati la kiraia. Alilipa, akakaa kando ya Pascasie. Hakuuliza chochote. Alibonyeza, ubao ukatokea, akaanza kucheza kama mtu aliyezoea, na baada ya muda akacheka kwa sababu alikuwa amekula kete nyingi.

Hadija alimwendea.

"Simama. Toka."

"Nimefanya nini?"

Hadija aliuweka mkono wake wa kulia mbele ya kioo, juu ya ubao. Kaporali aliutazama, akamtazama Hadija usoni, na uso wake mwenyewe ukabadilika. Alisimama akatoka haraka, mchezo ukiwa bado wazi.

"Yule ni nani?" Pascasie aliuliza.

Hadija aliushusha mkono wake.

"Mteja tu, mama. Mashine imemkatalia."

Pascasie alihamia Muhuta kwa binti yake kabla vita havijaisha, na huko akafariki. Hadija hakuwahi kumwambia yule mteja alikuwa nani. Ukimuuliza leo kama alifanya vizuri, anasema hajui, na anaomba usizungumze tena habari hiyo.