Paa Aliyechinjwa Akiwa Maiti

Nyie vijana mnaojisifu kwamba mkipotea porini mtaishi kwa kutega vitanzi, kaeni niwaambie. Kutega, yeyote anatega. Kuamka ndiyo kazi.

Tulikuwa tunakaa Mbagala, enzi zile nyuma ya nyumba zetu bado ni pori, paa na sungura wanapita kwenye mikorosho. Mume wa binti yangu alikuwa amepunguzwa kiwandani, wakahamia kwangu na watoto. Nyama tukaisahau. Mkwe wangu mchana kutwa yuko kwenye banda la video, anamtazama mzungu aliyepotea msituni anajilisha kwa mitego. Akarudi nyumbani keshakuwa mwindaji.

"Mama, mtego raha yake unakufanyia kazi wewe umelala."

"Basi umepata kazi inayokufaa," nikamwambia.

Akachomoa waya za breki za baiskeli yake, akafunga vitanzi usawa wa shingo ya mnyama. Baiskeli ikabaki haina breki. Akitaka kusimama anaburuta kandambili mpaka vumbi linatimka.

Mie mtego siubezi. Nilipokuwa mtoto kule Rufiji, mto ulizamisha mashamba yetu, na baba yangu alitulisha kwa kitanzi. Lakini alitega mguu, mnyama anaswe akiwa hai, na akishasali alfajiri anakwenda moja kwa moja na kisu, amchinje kihalali. Nilimweleza mkwe wangu yote hayo. Akasema ni mambo ya kizamani.

Siku kitanzi kilipomnasa paa, mkwe wangu aliamka jua limeshapanda, akanywa chai, ndipo akaenda. Akarudi na paa begani, koo limekatwa. Binti yangu kwa furaha akaanza kutwanga thaumu, watoto wakakoka moto bila kutumwa. Mie nikamtazama mkwe wangu: shati jeupe, halina hata tone.

"Damu iko wapi?"

"Imemwagika kulekule, Mama."

Nikamshika paa mguu. Umekakamaa kama mchi. Shingoni alama ya waya imezama, ulimi uko nje.

"Huyu umemchinja, au umemkuta keshakufa ukampasua koo nisijue?"

"Mama, alikuwa bado ana joto."

"Hata jiwe la juani lina joto!"

Binti yangu akasimama na mchi mkononi. "Mama, watoto hawajaonja nyama muda mrefu."

"Na mie nina hamu nayo. Lakini nyamafu haipikwi kwangu."

Paa akazikwa nyuma ya choo. Shimo alichimba mkwe wangu mwenyewe, na safari hiyo hakupitiwa na usingizi. Tukala ugali kwa mchicha uliojaa thaumu, watoto wamenuna, hakuna anayemtazama mwenzie.

Nilipomaliza kunawa, nikawaambia wote palepale mkekani: "Anayetega katika nyumba hii atege mguu, na alfajiri awe porini na kisu. Asiyeweza kuamka, waya zirudi kwenye baiskeli leo hii, na baiskeli impeleke kutafuta kazi."