Bomba la Tanuri la Mama Masika

Nikisikia mvua ikipiga bati, mwanangu, hunirudia siku moja ya ujana wangu ambayo hadi leo inanitia aibu.

Ilikuwa miaka ya sitini, hapa Bwera, mpakani upande wa Uganda, watu wa Beni na Butembo kule Kongo walipokuwa wakivuka mpaka kukimbia vita. Mmoja wao alikuwa Mama Masika, mjane, aliyelisha watoto wanne kwa kuoka mikate. Bomba la moshi la tanuri lake lilitokea juu ya paa, na pale lilipotokea lilizungushiwa kola ya bati kuzuia mvua. Mvua ikaingia hata hivyo. Akaniita mimi, fundi kijana mwenye maneno mengi.

Nilipanda na mkebe wa lami, nikapaka kola yote. Mvua iliyofuata, maji yakadondoka juu ya magunia ya unga. Nikapaka tena, nene zaidi. Nikapaka mara ya tatu. Kilichonivuruga akili ni kwamba maji hayakudondoka kwenye bomba, bali hatua mbili kutoka pale. Nilisimama katikati ya nyumba nikitazama juu, nisielewe lolote. Unga uliloa ukaota ukungu, na siku mbili mama hakuoka mkate.

"Mayi iko inatoka wapi?" akaniuliza.

Sikujua, mwanangu. Lakini kusema sijui niliona vigumu. Nikamwambia mabati yaliletwa yakiwa na matundu. Aliyeyaleta kwa lori lake kutoka Kasese ni Hajji Musa, mtu mwenye heshima zake. Mama Masika akaniamini. Tangu siku hiyo, kila Hajji alipopita kumsalimu, mama hakumwitikia. Mimi niliona hayo yote, nikanyamaza.

Mwishowe Mama Masika alimwita Mzee Paluku, fundi wa kwao Butembo. Akanikuta kule juu na mkebe wangu.

"Chini ya hiyo lami iko nini?" akaniuliza.

Nikasema lami nyingine.

"Na chini ya ile?"

Hapo ndipo neno liliponitoka: "Sijui, mzee."

Hakunicheka. Aliniambia nirudi asubuhi, kabla jua halijapanda, maana lami ikiwa baridi hubanduka vipande vipande, ikipata joto hunata kama ugali. Tulibandua kwa patasi, tukafuta mabaki kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, hadi bati likaonekana. Kola ilikuwa imepasuka upande wa nyuma. Tena ukingo wake wa juu ulilazwa juu ya bati la paa badala ya kupita chini yake. Maji yaliingia pale, yakateremka chini ya bati hadi kwenye ubao, ndipo yakadondoka mbali. Na lami yangu, moto wa bomba ulikuwa ukiiyeyusha kila siku. Mabati hayakuwa na tundu hata moja.

Mzee alikata kola mpya, akapenyeza ukingo wa juu chini ya bati, wa chini akauacha juu ili maji yateremke. Tukamwaga ndoo nzima ya maji. Ndani hakikudondoka kitu.

Nilishuka, nikamweleza Mama Masika kwamba nilimsingizia Hajji. Akageuka, akaenda kukanda unga wake. Kesho yake nilipanda gari hadi Kasese, nikamkuta Hajji akikagua tairi za lori. Nilimwambia yote. Nilitarajia matusi. Akakaa chini polepole.

"Mimi kila siku nilikuwa nauliza roho yangu," akasema, "huyu mama nilimukosea nini?"

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kofi. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyechanganyikiwa. Kumbe mkanganyiko wangu nilikuwa nimembebesha mtu asiye na kosa.

Basi sikiliza, mwanangu. Kazi ikikushinda kuielewa, sema mapema kwamba hujaielewa. Ondoa ulichokwisha kubandika, hata kama ni jasho lako, utazame kilicho chini yake. Na usitaje jina la mtu kwa kosa ambalo hujaliona kwa macho yako, maana wewe utasahau ulichosema, naye atalala nacho.

Mungu akupe mikono yenye ustadi na ulimi usioogopa kukiri. Nyumba yako ikae kavu, na wanaopita mlangoni pako wakikusalimu waitikiwe.