Mlango Uliohama Nyumba Nne

Niliitwa kutengeneza bawaba ya kabati, nikaukuta mlango.

Ulikuwa umelazwa juu ya mablanketi ndani ya gereji ya vila moja huko Umm Salal, nje ya Doha, katika kompaundi ninayoihudumia kama seremala kwa mwaka wa saba sasa. Nilidhani ni takataka inayongoja lori. Ulikuwa mfupi na mpana, wa mbao nzito zilizoshikwa pamoja kwa mikanda mitatu ya mbao. Rangi yake ya buluu ilikuwa imebanduka ikaacha kijani, na chini ya kijani palikuwa na nyekundu. Niliinama, nikakwaruza kwa ukucha mahali palipokuwa wazi, nikanusa. Msaji. Nimekulia katika karakana ya Unguja ambako milango ya zamani huletwa kutengenezwa, na harufu ile ya ngozi na mafuta siwezi kuikosea.

“Unaunusa?” sauti iliuliza nyuma yangu.

Alikuwa mama wa mwenye nyumba, bibi wa Kiingereza wa miaka themanini hivi, ameegemea mkongojo wake kwenye mlango wa gereji. Bintiye ni mhandisi wa kuta za bahari kule Lusail, na ndiye aliyemleta Doha akae naye.

“Naujua, Madamu. Huu mti hauoti kwenu.”

“Hata kwetu walijua hauoti kwetu,” alisema. “Ulikuja na bahari.”

Akanieleza, na mimi nikasahau kabati. Kabla hajazaliwa babu yake, meli iliyobeba msaji kutoka Mashariki ilivunjika kwenye fungu la mchanga mbele ya kijiji chao, na mbao zikasukumwa ufukweni. Maofisa wakaja kuzidai. Kijiji kizima kikasema hakijaona mbao yoyote.

“Wiki ile ile,” alisema, “kijiji kizima kikawa na milango mipya.”

Kijiji hicho, ambacho sitakitaja jina, kiko pwani ya mashariki ya Uingereza, na kinaliwa na bahari. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilifikiri ni namna ya kusema tu. Ijumaa iliyofuata nilipanda basi kwenda maktaba, nikatafuta ramani za pwani ile, za zamani na za sasa, nikazilinganisha. Si namna ya kusema. Ardhi ya pale ni udongo ulioachwa na barafu kubwa ilipoyeyuka, haina mwamba wa kuishikilia, na kila msimu wa mawimbi makubwa humeguka. Kwenye ramani ya zamani barabara moja inatoka kanisani na kuendelea mashariki, ikipita nyumba, kiwanja, kisima na mashamba mawili. Kwenye ramani ya sasa barabara hiyo hiyo inaishia hewani. Nilikaa nikizitazama mpaka mtunza maktaba akaja kuuliza kama nahitaji msaada. Sikujua nimwombe msaada gani.

Tangu hapo, kila nilipokuwa na kazi karibu na vila ile, bibi aliniitia chai na kunipitisha kwenye barabara isiyokuwepo. Alianzia ukingoni kabisa, kwa banda la mashua ya kuokolea watu. Kisha mwoka mikate, ambaye mbwa wake alijua siku za juma. Kisha banda la kukaushia samaki kwa moshi, na nguo za mtoto yeyote aliyepita hapo zilinuka moshi mpaka Jumapili. Kisha kanisa dogo. Nilimwuliza kama ni kweli nilivyosoma kuhusu vijiji vya namna ile, kwamba usiku wa dhoruba kengele ya kanisa lililozama husikika chini ya maji.

“Kengele tuliiuza kabla kanisa halijaanguka,” alinijibu. “Watu wa kwetu si wajinga, fundi.”

Neno hilo, fundi, alilichukua kwangu, na hakuniita vingine.

Walihamisha makaburi pia, ya zamani kwanza. Walihamisha miti ya matofaa iliyokuwa bado michanga. Na nyumba ilipobakiwa na ua mdogo tu kabla ya ukingo, majirani walikuja kula humo mara ya mwisho, wakatoa vyombo, na mwisho wa yote wakaung’oa mlango wakaubeba mpaka nyumba ya ndani zaidi, ambako familia ingehamia. Mlango ulipaswa kutundikwa huko kabla nyumba ya zamani haijaanguka. Mwenyeji angekaa ndani, na mtu asiye wa ukoo angeingia kwa mlango ule akiwa na makaa, chumvi na mkate. Wa kwanza kuingia awe na nywele nyeusi.

“Na isipofanyika hivyo?” niliuliza. “Kuna mkosi?”

“Hakuna mkosi. Ni adabu tu. Nyumba imekulinda miaka yote. Huiachi ife kama mtu asiye na jamaa.”

Mimi ni Mzanzibari, na jambo hilo halikuhitaji kufasiriwa.

Sasa nyumba yake mwenyewe, ya mwisho kwenye barabara ile, ilikuwa imefikiwa. Halmashauri ilikuwa imepanga kuibomoa kabla haijajiangukia. Majirani walikuwa wameung’oa mlango na kuziba nafasi yake kwa plaiwudi, na binti akaupakia pamoja na mizigo yake ya kuja Doha, ili mama akipata nafuu warudi wote wakautundike katika nyumba ndogo waliyokuwa wakiitafuta mbali na ufuko. Lakini moyo wa bibi ulizidi kudhoofika, na daktari akamkataza kusafiri kwa ndege. Halafu Jumatatu moja ukaja ujumbe wa jirani. Dhoruba ilikuwa imeumega ua wote. Tingatinga lingekuja Alhamisi asubuhi.

Aliponiambia alikuwa ameketi sebuleni na mikono imetulia juu ya magoti. “Nyumba yangu ya mwisho ni hii,” alisema. “Utautundika hapa?”

Nilienda kwa msimamizi wangu, Mkenya wa Nakuru, mtu mwema anayeogopa kuta.

“Fundi,” alisema, “ulienda kurekebisha kabati ama ulienda kuhamia?”

“Mlango tu, bosi. Wa stoo ya jikoni.”

“Mlango tu! Hapa hata msumari wa picha lazima niulizwe. Mwenye kompaundi akipata umetoboa ukuta, mimi ndiye atatoboa.”

“Sitoboi kitu. Natia fremu ndani ya fremu. Naibana kwa kabari. Siku wakihama nazigonga, inatoka, ukuta haujui kama kulikuwa na mgeni.”

Alinitazama sana. “Skrubu hata moja?”

“Hata moja.”

“Basi mimi sijaona mlango,” alisema. “Wala sikujui.”

Nilicheka njia nzima. Ilikuwa sauti ya kijiji kile kuhusu mbao zile, kutoka kinywani mwa mtu wa Nakuru.

Jumatano nikausimamisha mlango ukutani na kuukagua kwa mwanga. Ubavuni, chini ya rangi, niliona viziba vya mbao vilivyojaza matundu ya skrubu za zamani. Matundu yalikuwa seti nne, ya mwisho bado wazi, kila moja imeshuka au kupanda kidogo kuliko nyingine. Kila seti ilikuwa nyumba, na kila nyumba ilikuwa chini ya bahari, au ingebomolewa kesho. Niligusa viziba vya kwanza, vilivyochongwa kwa kisu na mtu asiye na haraka. Nimeshika milango mingi ya thamani maishani, yenye nakshi za mitende na minyororo. Hakuna uliowahi kunifanya nivue kofia.

Kisha nikafanya ambalo seremala yeyote angefanya. Sehemu ya chini ya mlango ilikuwa imekatwa mshazari, upande mmoja mfupi kuliko mwingine kwa upana wa vidole vitatu. Nilidhani ni kazi mbovu. Nikachukua kipimapembe, nikapiga mstari wa penseli ulionyooka, nikauinua msumeno.

Mkongojo uligonga sakafu. “Hapana!”

Bibi alikuwa kwenye kiti jikoni. Bintiye, aliyekuwa akipika, aligeuka na mwiko mkononi.

“Hiyo ni nyumba ya tatu,” bibi alisema. “Ilianza kuinama kuelekea baharini nilipokuwa msichana. Mlango ukawa haufungi. Baba akaukata ufuate sakafu. Nyumba ikainama tena, akaukata tena. Tulikaa humo tukiinama nayo. Ukitaka kujua nyumba ilikuwa imeinama kiasi gani siku tuliyotoka, ndiyo hiyo.”

Niliweka msumeno chini. Mstari wa penseli niliufuta kwa kidole kilicholowa mate.

Nyumba ile haipo, wala ardhi iliyokuwa chini yake, wala baba yake, lakini mteremko wa sakafu yake ulikuwa mbele yangu, ningeweza kuupima. Na nilikuwa karibu kuunyoosha.

Jioni ile, nyuma ya mitaa ya vyumba vyetu pale Industrial Area, nilimwendea fundi wa samani wa Kihindi, akanipa kipande cha msaji kilichobaki kwenye kazi yake. Badala ya kuukata mlango ufuate sakafu ya Umm Salal, nilichonga kizingiti cha chini chenye mteremko ule ule, kikae juu ya vigae. Kwa randa, polepole, nikikipima mara kwa mara. Wenzangu wa chumbani walinizunguka.

“Huyu anachonga kitu cha kwenda upande kwa makusudi,” mmoja alisema.

“Kazeeka. Mwacheni.”

Alhamisi mchana, ambayo kule Uingereza ilikuwa bado asubuhi, mlango ulikuwa umesimama kwenye stoo ya jikoni, kati ya friji na mashine ya kufulia. Bawaba niliziweka mahali papya, seti ya tano. Ulikuwa mfupi kuliko mlango wowote wa vila ile, na anayeingia lazima ainame. Bibi aliketi ndani ya stoo, juu ya kiti cha plastiki, katikati ya gunia la mchele na madumu ya maji. Bintiye alisimama kando yake ameshika simu, ambamo jirani alikuwa akiwaonyesha nyumba. Mimi nilibaki nje na makaa yaliyozimika ya chetezo changu, chumvi ya jikoni na mkate wa tanuri la mtaani.

“Madamu,” nilisema kabla sijaufunga mlango, “nywele zangu zina mvi.”

“Zilizobaki nyeusi zinatosha,” alijibu. “Kwenu mtu akifika mlangoni hufanya nini?”

“Hupiga hodi. Mwenyeji akisema karibu, anaingia. Akipiga tatu asijibiwe, anarudi alikotoka.”

“Basi fanya kama kwenu.”

Nikaufunga. Nikagonga.

“Hodi.”

Kimya. Kupitia mbao nilisikia simu, upepo wa huko ukivuma, mngurumo wa mashine, na sauti ya jirani ikisema wameanza upande wa jiko.

“Hodi.”

Kimya. Kitu kilipasuka, mbao au vioo. Binti alisema jambo kwa sauti ya chini.

Nilibakiwa na hodi moja. Mtu wa kwetu haipigi ya nne, hata iweje. Kama bibi amezama katika kuitazama nyumba yake, nitageuka, nitaondoka na makaa yangu, na nyumba itaanguka bila mgeni kuingia mahali popote kwa mlango wake. Nikaweka kiganja juu ya msaji. Ulitetemeka kidogo, labda kwa mashine ya kufulia.

“Hodi,” nilisema.

“Karibu,” alisema bibi.

Alilisema kwa Kiswahili, wazi, na sikujua nani alimfundisha kulitamka vile.

Niliinama nikaingia. Bintiye alikuwa akitazama simu huku machozi yakimtiririka, na nilipopita niliona paa, bado limesimama, jeusi juu ya bahari ya kijivu. Bibi hakuwa akitazama simu. Alikuwa akitazama chini, mahali ambapo mlango ulikutana na kizingiti. Nilimpa makaa, akayapokea kwa mkono mtupu. Nikampa chumvi. Nikampa mkate.

“Mama,” binti alisema. “Paa.”

Tulilisikia likishuka, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha upepo peke yake.

Bibi alikuwa na masizi kwenye vidole. Aliutazama mlango uliobaki wazi nyuma yangu, na jiko tulivu la Umm Salal, na jua kali kwenye vigae.

“Funga mlango, fundi,” alisema. “Upepo unaingia.”

Nikaufunga. Ulitua juu ya mteremko wake bila kuacha upenyo hata wa ukucha.