Siku Nilipoanika Nguo Mbele ya Kilio

Kuna siku moja ninaikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu. Nilikuwa Kitwe, upande wa Zambia, nimekaa juu ya mkeka katika chumba kitupu, mlango wazi, ninangoja watu waje kulia pamoja nami. Mama yangu alikuwa amekufa hapa Lubumbashi. Dereva wa kamiyo ya mizigo ndiye aliyetuletea habari kutoka mpakani Kasumbalesa, na ilipotufikia walikuwa wamekwisha kumzika tangu siku tatu.

Kaa, nikueleze tangu mwanzo. Sijui kusema kwa kupendeza, sikukaa sana shuleni, na mgongo unaniuma. Ninyi wajukuu mnanipigia simu mimi bibi yenu kutoka huko mliko, kila mmoja na wimbo uleule: Kambo, hapa si kwetu. Kambo, hapa hakuna watu. Nimechoka kuusikia. Niliuimba mimi kabla yenu, na niliuimba vibaya.

Nilikwenda Kitwe nikiwa mke mpya. Mume wangu alipata kazi ya kutengeneza magari, akasema tutakaa mwaka mmoja. Mwaka ukawa mitatu, nami bado nilikuwa ninasema ni mwaka mmoja. Majirani niliwasalimia nikiwa ninatembea. Unga wao wa mahindi matupu sikuutaka, nilitaka bukari yetu, ugali wa mahindi yaliyochanganywa na mihogo. Kibemba nilikisikia, lakini nilijifanya sikisikii, ili wasinitume wala wasinialike.

Katika nyumba ya mbele yetu aliishi Bana Mwila, maana yake mama yake Mwila, mwanamke mkubwa wa sauti nzito. Mume wake akafa. Unajua vile inakuwa: viti na meza vikatolewa nje, wanawake wakajaa ndani, chini, wanaume wakawasha moto uwanjani. Kwao ni kama kwetu, hakuna tofauti. Mstari mzima wa nyumba ulisimamisha kazi. Mie, siku ya pili, nikafua. Nikafua mashuka, nikafua mpaka suruali za kazi za mume wangu, nikazianika zote kwenye kamba mbele ya macho ya wafiwa. Moshi wa moto wao ulipokuja upande wangu, nikafunga dirisha. Mume wangu aliniuliza kama nimekwenda kukaa hata kidogo. Nikamwambia hao si watu wangu, na siwezi kumlilia mtu ambaye hata sikumjua. Akanitazama, akavaa koti, akaenda peke yake.

Baada ya miezi minne kamiyo ikaleta kifo cha mama.

Nikatoa meza nje kama inavyofanywa. Nikakaa chini. Mume wangu akawasha moto, akakaa kando yake kama mlinzi wa usiku, na jua liko juu. Wanawake walipita na ndoo zao, wakatazama, wakaendelea kwenda kuteka maji. Siku nzima. Mwanangu, kufiwa kunauma, lakini kufiwa bila mtu wa kukuuliza alikufa namna gani, hilo sikutakii. Nililia mpaka nikaona aibu ya sauti yangu, kwa sababu ilikuwa ni sauti moja tu ndani ya nyumba.

Kesho yake asubuhi Bana Mwila akaingia bila kubisha. Hakukaa. Alisema Kibemba chake, nakurudishia kwa maneno yetu.

"Uko unalia nani?"

"Mama yangu."

"Na bantu bako beko wapi?"

Nikamjibu wako Lubumbashi, mie hapa ni mupita njia.

"Mupita njia," akasema. "Miaka tatu uko unakula hapa, unafua hapa, unanuna hapa. Ule mupita njia atapita siku gani?"

Nikaanza kuomba msamaha kwa ajili ya zile nguo. Akanikata maneno.

"Acha. Sikukuya juu yako. Wewe, kasirani yangu kwako ingali mu roho. Nilikuya juu ya mama yako. Yeye hakunianikia manguo. Alikuwa anaitwa nani?"

"Ngoie."

"Alikuwa muntu wa namna gani?"

Nikamweleza. Kwamba aliuza samaki wakavu sokoni, kwamba alikuwa mkali, kwamba akicheka alifunika mdomo kwa mkono. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama mlangoni, akaweka mikono kichwani, akamlilia mama yangu kwa jina lake kwa sauti ile nzito, mstari wote ukasikia. Akarudi akaketi karibu nami. Wanawake wakaanza kuingia, huyu na kuni, huyu na unga, unga uleule niliokuwa ninaudharau. Si wote. Kuna mmoja wa nyumba ya mwisho hakuja, na mpaka tunahama hakunijibu salamu. Simlaumu.

Bana Mwila alilala kwangu siku tatu. Msamaha hakunipa siku zile. Niliupata polepole, kwa kwenda. Akifa mtu pale, nilikwenda kukaa, nimjue nisimjue. Sijui ni lini, nilijisikia tu nikitoka sokoni ninasema, "Ninarudi kwetu."

Tulirudi Lubumbashi watoto wakiwa wakubwa. Nilifikiri ninarudi nyumbani, na hapa mtaani Kasungami hakuna aliyenijua. Waliniita mama wa Zambia. Nikaanza upya, miguu ikiwa imekwisha kuchoka.

Basi usikie, na usinipigie tena kulia kabla hujafanya hili. Huko uliko, nyuma ya ukuta wako kuna mtu. Mwaka huu atafiwa, au ataugua, au atazaa. Nenda ukakae naye. Usingoje kumpenda kwanza. Kama lugha yao hujaijua, osha vyombo, bebea mtu mtoto, nyamaza, lakini uwepo. Utachoka, sikudanganyi. Wengine hawatakupenda hata ufanye nini. Nenda tu.

Mungu akutangulie katika kila nyumba utakayoingia, akupe majirani, akupe na moyo wa kuwafaa. Na siku nitakapokufa, haiko mbali, kama njia itakukatalia kufika, usijilaumu. Nimekubariki unililie hukohuko, katikati ya watu.